Kanyagio la breki lilizama nikishuka Kitonga: nianzie wapi kuiboresha Subaru yangu?

*"Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, ya gia za mkono, injini ya sisi 2000 yenye turbo. Ilitoka Japani ikiwa na kilomita 118,000 na sasa ina 164,000. Ninaitumia kila siku kutoka Mbezi Beach kwenda Posta, na mara tatu au nne kwa mwaka ninakwenda nayo Iringa kwa wazazi. Mwezi uliopita nikirudi Dar es Salaam, nikishuka mteremko mkali wa Kitonga nyuma ya malori, kanyagio la breki lilianza kuwa laini, kisha likazama karibu na sakafu, na nikasikia harufu ya kuungua. Niliponusurika kufika chini nilipumzika nusu saa, breki zikarudi, lakini tangu siku hiyo usukani unatetemeka kila ninaposhika breki nikiwa kwenye mwendo wa 90. Isitoshe, kwenye kona gari linapenda kuchomoka kuelekea nje, na kwenye lami yenye viraka linatangatanga. Fundi wangu amenipangia hivi: springi fupi za kushusha gari, kalipa za Brembo za mtumba kutoka kwenye STI (toleo kali zaidi la Impreza), diski zenye matundu, oili ya breki ya DOT 5, na mwisho kupanga upya kompyuta ya injini ili kuongeza nguvu. Nimetenga shilingi milioni 4. Sitaki gari la mashindano. Nataka gari linaloshika barabara, linalosimama, na lisiloniacha njiani. Nianzie wapi?"*

Ndugu yangu, pole sana kwa lililokukuta Kitonga. Mtu akikanyaga breki na kukuta chini ya mguu hakuna kitu, siku hiyo haimtoki kichwani, na ninaelewa kwa nini sasa uko tayari kununua chochote utakachoambiwa ili jambo hilo lisijirudie. Lakini kabla hujatoa hata shilingi moja, nakuomba tuelewane kwanza juu ya kilichotokea pale, kwa sababu mpango uliopewa unatibu ugonjwa ambao gari lako halina. Breki za WRX ya mwaka huo si ndogo: mbele kuna kalipa, yaani vibanio vya diski, za pistoni nne, nyuma za pistoni mbili, na kwa gari la uzito ule zinatosha kabisa. Kilichokuangusha ni joto, pamoja na oili ya breki iliyochoka, na vyote viwili vinatibika kwa gharama ndogo kuliko unavyodhani.

Breki haziufuti mwendo wa gari. Huugeuza kuwa joto, na joto hilo lote hulazimika kupita kwenye diski nne za chuma kabla ya kutoka hewani. Chukua gari lako likiwa na watu na mizigo, tuseme kilo 1,500. Kulisimamisha kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa kunazalisha takriban kilojuli 580 za joto. Ukilisimamisha kutoka 140, joto linakaribia kuwa maradufu, kwa kuwa nguvu ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Sasa tazama mteremko. Kila mita 100 za kimo unazoshuka bila kuongeza mwendo, gari lile lile linatoa takriban kilojuli 1,470, ambazo ni sawa na kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa mara mbili na nusu. Ukishuka mita 400 kwa breki peke yake, umelisimamisha gari kutoka mwendo wa 100 mara kumi mfululizo bila kuzipa diski nafasi ya kupumua. Ongeza hapo kwamba ulikuwa nyuma ya lori linalotambaa, kwa hiyo hata upepo wa kuzipoza ulikuwa hafifu. Hakuna dereva wa mjini anayezitesa breki zake namna hiyo, na ndiyo sababu hukuwahi kuona dalili yoyote kati ya Mbezi na Posta.

Breki zikizidiwa na joto hushindwa kwa njia mbili, na njia hizo zina tabia tofauti chini ya mguu. Ya kwanza ni pedi kupoteza mshiko: kanyagio hubaki gumu na juu, unakanyaga kwa nguvu zote, lakini gari halitaki kupungua mwendo. Ya pili ni oili ya breki kuchemka ndani ya kalipa. Oili ikiwa kimiminika haibonyei, ndiyo maana nguvu ya mguu wako hufika yote kwenye pedi. Ikichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea kama puto. Mguu unaishia kubana mapovu, pedi hazisukumwi, na kanyagio linazama. Maelezo yako ya kanyagio kulainika kwanza na kisha kuzama, halafu kila kitu kurudi baada ya nusu saa ya kupoa, ni picha kamili ya njia hii ya pili. Harufu uliyoisikia inaniambia kwamba pedi nazo zilikuwa zimeungua kiasi, lakini kilichokunyima breki ni oili.

Kwa nini ilichemka? Kwa sababu oili ya kawaida ya breki hunyonya maji kutoka hewani, taratibu, kupitia mipira ya breki na kwenye kopo lake, na maji hayo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Viwango vya kimataifa vinaitaka DOT 3 ikiwa mpya ihimili angalau nyuzi joto 205, lakini ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 ya ujazo wake inatakiwa kuhimili 140 tu. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. DOT 5.1 huanzia 260 na kushuka hadi 180. Wewe unaishi ukanda wa pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, na hukutaja kuwahi kuibadilisha oili hiyo tangu gari lifike. Fungua kopo la oili ya breki ulitazame: kama oili ina rangi ya chai ya rangi badala ya kung'aa kama mafuta mepesi ya kupikia, jibu unalo mbele ya macho yako.

Hapa ndipo ninapotofautiana na fundi wako kwa nguvu zaidi. DOT 5 haifai kwenye gari hili, hata kama namba yake ni kubwa kuliko nne. DOT 5 ni silikoni. Haichanganyikani na oili iliyomo sasa, hushika mapovu madogo ya hewa kirahisi, na haikukusudiwa kwa mfumo wa ABS, ule unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu, kama wa gari lako. Watu huichanganya na DOT 5.1, ambayo ni ya ukoo mmoja na DOT 4 na ingefaa, ingawa kwa matumizi yako DOT 4 nzuri inatosha. Nunua makopo madogo yaliyofungwa bado, na ya duka unaloliamini, kwa kuwa oili ya breki ya bandia si kitu cha kubahatisha. Kopo lililokaa wazi gereji kwa miezi limeshakunywa maji, usikubali liingie kwenye gari lako. Fundi aisukume oili mpya hadi itoke safi kwenye kila gurudumu, siyo kujazia tu juu. Wengi hushauri kuibadilisha kila baada ya miaka 2. Kwa mtu wa pwani anayeshuka Kitonga ningesema kila mwaka.

Tuje kwenye usukani unaotetemeka. Karibu kila mtu atakuambia kwamba diski zimepinda kwa joto, na utatolewa haraka kwenda kununua nyingine. Kupinda kwa kweli kwa diski nzima ni jambo adimu. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba pedi ikiungua huacha tabaka lake juu ya diski bila usawa, sehemu moja nene na nyingine nyembamba. Bila shaka uliposimama pale chini uliendelea kukanyaga breki, kama ambavyo mtu yeyote mwenye hofu angefanya, na pedi ya moto ikagandamana na diski mahali pamoja. Tangu hapo, kila diski inapozunguka, pedi hupita juu ya alama ile na kusukuma kalipa, nawe unaipata kwenye mikono. Sababu nyingine ni kukaza nati za gurudumu bila mpangilio, kwa mashine ya upepo, hadi diski ikae upande kwenye habu. Kwa hiyo usinunue kwa macho. Diski ipimwe unene kwa mikromita sehemu nane kuizunguka, kisha uyumbaji wake upimwe kwa geji ya saa ikiwa imefungwa kwenye gari. Kwenye diski huwa kumeandikwa unene wa chini unaoruhusiwa. Kama bado ina nyama ya kutosha, inaweza kuchongwa na kurudi sawa. Kama imefika mwisho, au ina nyufa, badilisha zote mbili za mbele kwa pamoja.

Wakati pedi zinatolewa, simama hapo na uziangalie kwa macho yako. Kalipa za gari lako hazisogei. Zinabana diski kwa pistoni zilizopangwa pande zote mbili, na kila pistoni ina mpira mwembamba wa kuzuia vumbi. Mpira ukichanika, mchanga na maji vinaingia, pistoni inashika kutu na kukwama. Wiki chache zilizopita nilitoa pedi mbili kwenye WRX ya mteja na kuziweka mezani: moja ilikuwa imebaki milimita 8 pande zote, mwenzake ulikuwa na 7 upande mmoja na 2 upande wa pili, umekatika kama kabari. Pistoni moja ilikuwa haitembei kabisa. Mteja huyo alikuwa amekuja kuulizia bei ya Brembo. Tulifungua kalipa zake, tukasafisha, tukaweka mipira mipya na pedi mpya, na gari likasimama lilivyosimama likiwa jipya. Ukiona kabari kama ile kwenye gari lako, umepata mahali pa kuweka fedha kabla ya pengine popote.

Kuhusu Brembo za STI, sitazisema vibaya, kwa sababu ni breki bora. Diski yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 326, hivyo hubeba joto jingi zaidi na kulitoa upesi. Lakini elewa zinakupa nini na hazikupi nini. Iwapo leo unaweza kukanyaga hadi ABS ikaanza kugonga mguuni, maana yake breki zako tayari zina nguvu kuliko mshiko wa matairi, na kalipa kubwa haitafupisha umbali wa kusimama hata kwa nusu mita. Itakachofanya ni kuvumilia joto kwa muda mrefu, jambo la maana sana kwa anayekimbia mizunguko kwenye uwanja, na la maana ndogo kwako ukishabadilisha oili na namna ya kushuka mlima. Zaidi ya hapo, ukifunga za mbele pekee unabadilisha mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma ambao kiwanda kiliupanga. Ukitaka na za nyuma, unaingia kwenye kubadilisha na sehemu za breki ya mkono. Na mtumba wa kalipa una siri zake: pistoni zilizochubuka, nyuzi za boliti zilizoliwa, rangi nyekundu iliyopuliziwa juu ya kutu. Ningeziacha kwa sasa.

Diski zenye matundu ningeziacha moja kwa moja. Matundu yalikuwa na kazi zamani, wakati pedi zilipokuwa zikitoa gesi nyingi. Leo kila tundu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, na matundu yenyewe huondoa chuma ambacho kingebeba joto. Chukua diski za kawaida zenye njia za hewa katikati, za mtengenezaji anayeaminika. Kwenye pedi, usidanganywe na neno mashindano. Pedi za mashindano huhitaji joto ndipo zishike, na asubuhi ya kwanza kwenye foleni ya Mwenge, zikiwa baridi, zitashika hafifu kuliko za kawaida huku zikipiga kelele. Tafuta pedi za barabarani za daraja la juu. Zikishafungwa, nenda alfajiri kwenye barabara tupu, punguza mwendo kutoka 80 hadi 20 kwa mkazo wa wastani mara nane hivi, ukiacha nusu dakika kati ya mara moja na nyingine, kisha endesha kilomita kadhaa bila kusimama ili zipoe. Lengo ni pedi iache tabaka jembamba lililo sawa kwenye diski yote. Kazi hii ya robo saa huwa haifanywi, halafu mtu analalamika baada ya mwezi kwamba diski zimepinda tena.

Sasa matairi, ambayo hukuyataja kabisa katika swali lako, nami ninayaweka juu ya yote. Kushika kona, kusimama na kutulia kwenye lami ya mvua vyote hupita kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja hivi. Angalia ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, utaona tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno mazuri lakini lililotengenezwa miaka tisa iliyopita lina mpira mgumu kama soli ya kiatu kikuukuu, na mvua ya kwanza ya masika itakuonyesha. Pia gari lako linaendeshwa na magurudumu yote manne, na katikati ya gia boksi kuna kifaa cha kugawa nguvu kinachotumia kimiminika kizito. Matairi yakitofautiana ukubwa, kifaa hicho hufanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka, hupata joto na hatimaye hukwama. Tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi takriban milimita 6, ambayo ni sawa na tofauti ya milimita 1 tu ya kina cha meno. Kwa hiyo nunua manne kwa pamoja, ya aina moja, ya saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na upepo upimwe asubuhi yakiwa baridi.

Kutangatanga kwenye viraka kwa gari lenye kilomita 164,000 kunanielekeza kwenye bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya mikono ya magurudumu, kabla ya springi. Bushi ya nyuma ya mkono wa chini wa mbele ndiyo ninayoishuku zaidi. Gari likiwa juu ya jeki, fundi aingize mtaimbo na kuusukuma mkono ule mbele na nyuma: mpira mzima hujipinda na kurudi, uliochanika hufungua mdomo, na mkono husogea kwa wazi. Ukishika breki na bushi ikiwa katika hali hiyo, gurudumu hurudi nyuma kidogo na kubadilisha uelekeo wake, nawe unalazimika kusahihisha usukani kila mara. Zikaguliwe pia boljointi, tairodi, linki za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), maunti za juu za shokapu, na beringi za magurudumu ya nyuma. Shokapu zinazovuja, au za asili ambazo hazijawahi kubadilishwa, zibadilishwe kwa za kiwango kile kile cha kiwanda au zilizo ngumu kidogo tu. Kisha gari lipelekwe kwenye alaimenti ya kompyuta, na usiridhike na kuambiwa kwamba iko sawa; omba karatasi ya vipimo. Boliti ya juu ya shokapu ya mbele kwenye WRX huruhusu kurekebisha mwinamo wa gurudumu. Kuinamisha vichwa vya magurudumu ya mbele ndani kwa nyuzi 1 hadi 1.5, huku yakiwa yamenyooka kuelekea mbele, kutapunguza ule mtindo wa kuchomoka nje ya kona bila kula matairi kupita kiasi.

Mtindo huo una chanzo kwenye umbo la gari lenyewe. Injini ya Subaru imelala mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo pua ni nzito na hupenda kwenda moja kwa moja. Ikiwa baada ya matairi, bushi na alaimenti bado hutaridhika, kitu kimoja cha kuongeza ambacho ningekubariki ukinunue ni stabilaiza ya nyuma iliyo nene kidogo. Fimbo hiyo ikitoka milimita 20 kwenda 22, ugumu wake hupanda kwa karibu asilimia 46, kwa kuwa hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ndiyo maana nasema kidogo. Ukizidisha, mkia utaanza kukutangulia kwenye lami ya mvua, na hilo ni baya kuliko pua inayochomoka.

Springi fupi sizikubali kwa barabara zako. Safari ya kupanda na kushuka kwa gurudumu ni akiba unayoitumia kila unapokutana na tuta au shimo, na springi fupi zinaikata akiba hiyo. Vilevile, kwa mpangilio wa shokapu wa gari hili, likishuka sana mikono ya chini huinama kinyume, na gurudumu hupoteza mwinamo wake mzuri kila gari linapolala kwenye kona, hivyo unapata sura ya mashindano na mshiko pungufu. Na yule atakayekuambia tukate springi zako za asili, muage kwa heshima. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiwa na Colin McRae, na Subaru ikashinda tena mwaka 2000 ikiwa na Richard Burns. Magari yale, kwenye njia za Kenya zenye mawe na vumbi, yaliinuliwa na kupewa springi zenye safari ndefu. Watu waliokuwa na fedha na wahandisi wa kila aina waliona kwamba kwa barabara zetu urefu ni mali.

Nimebakiza injini, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu breki zimekutisha lakini injini ndiyo itakayokuacha njiani. Injini ya EJ ya turbo, ambayo ndiyo iliyomo kwenye gari lako, hufa zaidi kwa kukosa oili kuliko kwa kitu kingine. Kati ya alama ya juu na ya chini ya dipstiki kuna takriban lita 1, na injini nzima hubeba lita 4 na kitu. Ikipungua lita ile, ukikata kona kwa kasi oili inakimbilia upande, mrija wa pampu unavuta hewa, na metali za konrodi zinakosa oili kwa nukta chache zinazotosha kuziharibu. Pima kila unapojaza petroli, gari likiwa limesimama sawasawa na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa. Badilisha oili kila kilomita 5,000, na siku ya kubadilisha mwombe fundi akikate kichujio cha zamani, aifungue karatasi yake na kuikunjua juani. Karatasi safi yenye weusi wa kawaida ni habari njema. Ukiona chembe zinazometa za rangi ya shaba, usiliwashe gari tena mpaka chanzo kijulikane. Kuna pia boliti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo. Ndani yake huwa na kichujio kidogo cha wavu ambacho kikiziba huiua turbo kwa kiu. Kitolewe na kusafishwa au kubadilishwa.

Mkanda wa taiming hukuutaja. Hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na kwa kuwa gari lilifika na 118,000, usikubali kauli kwamba ulishabadilishwa Japani isipokuwa umeona kibandiko au karatasi. Kwenye injini hii mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, na hesabu inakuwa ya injini nzima. Pampu ya maji huzungushwa na mkanda huo huo, na rola zake zikikwama huuchana, kwa hiyo vyote vibadilishwe siku moja. Rejeta ikaguliwe kwenye maungio ya plastiki na aluminiamu, themostati iwe halisi ya Subaru, na ndani iwe kulanti, siyo maji ya bomba.

Kupanga upya kompyuta kwa ajili ya nguvu, nasema hapana kwa sasa. Petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo gari hili lilitengenezewa, ina oktani (kipimo cha petroli kuhimili kugonga kwa injini) inayokaribia 100; ya pampu zetu iko chini ya hapo, na tayari kompyuta inalazimika kurudisha nyuma wakati wa cheche ili kuizuia injini isigonge. Kuongeza msukumo wa turbo juu ya hali hiyo, kwenye injini ambayo kompreshani yake haijapimwa, ni kuitafuta siku mbaya. Ukitaka kompyuta isomwe, isomwe kwa ajili ya kujua ni kwa kiasi gani injini inagonga. Taarifa hiyo ni ya thamani.

Kwa hiyo milioni 4 zako ningezipanga hivi. Wiki hii, kabla ya safari yoyote, oili ya breki na ukaguzi wa kalipa, kwa sababu hilo ni suala la uhai. Kisha mkanda wa taiming na vinavyoambatana nao, iwapo huna ushahidi. Fungu kubwa kuliko yote liende kwenye matairi manne, na kinachobaki kiende kwenye pedi, diski kama vipimo vitadai, bushi na alaimenti. Shokapu zinaweza kusubiri miezi michache kama hazivuji. Fundi wako usimwache kwa sababu ya barua hii; mpelekee orodha hii, mwombe akuonyeshe kila kitu kwa macho kabla ya kubadilisha, na utajua kwa namna anavyopokea ombi hilo kama ni mtu wa kuendelea naye.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kuyamaliza. Kama kanyagio linaendelea kuzama polepole ukiwa umesimama na injini inaunguruma, kama kiwango cha oili kwenye kopo kinashuka, kama gurudumu moja lina unyevunyevu kwa ndani au ni la moto mno kuliko mwenzake baada ya safari fupi, usiliendeshe gari hilo hadi gereji, libebwe. Vivyo hivyo ukisikia mlio wa kugonga kutoka chini ya injini unaoongezeka ukikanyaga mafuta.

Na utakapokwenda tena Iringa, siku ya kurudi ingiza gia ya pili kabla mteremko wa Kitonga haujaanza, wakati breki bado ni baridi na huna haraka. Iache injini izuie gari. Mwendo ukipanda, kanyaga kwa mkazo wa kutosha hadi upungue vizuri, kisha uachie kabisa ili diski zipoe, badala ya kuweka mguu mwepesi juu ya kanyagio njia nzima. Lori lililo mbele yako liachie nafasi ya kutosha kuona matairi yake yote ya nyuma na lami iliyo nyuma yake. Ukifika chini, usisimame papo hapo; endelea taratibu kilomita mbili tatu ili upepo upite kwenye diski, na ukiegesha, tumia gia badala ya breki ya mkono mpaka zipoe.